Tangi la Bi Sikudhani

Haya yalitokea mbali sana na hapa, katika Jamhuri ya Mwangaza wa Kudumu, na msomaji atakayeona sura ya mtu anayemfahamu humu ndani akapimwe macho. Katika nchi hiyo umeme haukuwa ukikatika. Ili kitu kikatike lazima kwanza kiwepo, na serikali ilikuwa makini sana kuhusu hilo.

Zamani kila nyumba ilikuwa na mita. Baadaye ikagundulika kwamba mita zilikuwa zikiipinga serikali. Wizara ya Mwangaza ilikuwa ikitangaza kwamba wananchi wanatumia umeme mwingi kuliko wakati wowote katika historia, halafu kimita cha ukutani, kisichosoma wala kupiga kura, kinaonyesha karibu sifuri. Rais mwenyewe alilisemea jambo hilo kwa uchungu mbele ya mabalozi. Ndani ya miezi mitatu mita zote ziling'olewa, zikarundikwa katika ghala moja, na mlinzi akawekwa mlangoni kwa amri kwamba asizisome. Mahali pake wakawekwa watu. Watu hao waliitwa Wakadiriaji.

Mmoja wao alikuwa Sudi Kigwe wa Wilaya ya Chekeni, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mpole, hodari wa hesabu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mkadiriaji alikwenda shambani na Fomu Namba Tisa, akaandika kila kitu kinachokula umeme, wati zake, na saa kinazowashwa kwa siku. Alizidisha wati kwa saa, akagawa kwa elfu moja, akapata uniti. Akazidisha tena kwa siku thelathini, halafu kwa nuru mia mbili, kwa kuwa pesa ya nchi hiyo iliitwa nuru, na hiyo ndiyo nuru pekee iliyopatikana mwezi mzima bila kukosa. Fomu haikuuliza umeme wenyewe ulikuja saa ngapi. Hilo lilihesabiwa kuwa swali la uchochezi.

Siku ya tarehe sita ya mwezi wa makadirio, Sudi alipanda kilima cha Chekeni kwa miguu mpaka kwenye shamba la mwisho, la Bi Sikudhani Mpakani. Huyu alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mwenye kabichi robo tatu ya eka na ng'ombe watatu. Ng'ombe walikuwa na majina: Kashata, Tui, na wa tatu aliitwa Mama Mkwe kwa sababu hakuwahi kuridhika na majani ya mtu yeyote.

"Shikamoo, mama. Nimetoka Makadirio."

"Marahaba, baba. Karibu. Mwenzako wa mwaka jana alinikadiria akiwa kule barabarani, ndani ya gari. Wewe umepanda mpaka huku?"

"Mimi napenda kukiona ninachokiandika, mama."

Alilisema hilo kwa majivuno kidogo. Baadaye angelikumbuka mara nyingi sana, akiwa anaoga, akiwa anafunga viatu, na kila mara masikio yangemwaka moto.

Waliizunguka nyumba pamoja. Pampu ya maji, wati mia saba na hamsini, saa nne kwa siku, kwa kabichi na kwa kunyweshea ng'ombe. Mashine ya kukatia majani, wati elfu moja na mia tano, saa moja. Taa nne ndogo za wati kumi, saa tano. Redio ya wati kumi, saa kumi, maana Bi Sikudhani alipenda kukamua huku akisikiliza hotuba; alisema zinawafanya ng'ombe wasinzie. Sudi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapiga hesabu juu ya goti lake. Uniti nne nukta nane kwa siku. Uniti mia moja arobaini na nne kwa mwezi. Nuru elfu ishirini na nane na mia nane.

Bi Sikudhani aliitazama karatasi, midomo yake ikitembea.

"Hiyo nitaiweza," akasema. "Nikiuza kabichi zote mapema, nitaiweza."

Akampa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati, na Sudi akateremka kilima akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

*

Furaha hiyo ilidumu mpaka ofisini.

Mkuu wa Makadirio wa Wilaya, Bwana Lihumbo, alikuwa na viti viwili nyuma ya meza yake, kimoja alikalia mwenyewe na kingine alikiachia cheo chake. Aliipokea fomu, akaishika kwa ncha za vidole.

"Kigwe, hapa umeandika nini?"

"Uniti mia moja arobaini na nne, Mkuu."

"Mia moja arobaini na nne." Lihumbo alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. "Kigwe, unajua kwamba wenzetu wa Wilaya ya Mlowoni wana shamba la bata lenye uniti elfu moja?"

"Bata wanatumia umeme, Mkuu?"

"Wanakadiriwa."

Akamweleza, kwa upole wa mtu mwenye subira, kwamba Wizara imetangaza Mkulima wa Kisasa. Mkulima wa Kisasa mwenye ng'ombe zaidi ya wawili anatumia uniti zisizopungua mia nane na sitini kwa mwezi. Mashamba yote ya wilaya yamekwisha kuwa ya kisasa tangu juzi, bila hata tofali moja kuongezwa. Limebaki hili moja. Na kwa sababu ya hili moja, Chekeni nzima inaonekana gizani.

Kisha akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, akaiweka juu ya meza pembeni ya fomu. Ilikuwa barua ya uhamisho wa Sudi kwenda Makaoni, mji mkuu. Sudi alikuwa ameiomba barua hiyo mara nne katika miaka mitano. Mkewe, Mwantumu, alikuwa mwalimu huko Makaoni, na kwa miaka mitano walikuwa wakionana sikukuu hadi sikukuu. Barua ilikuwa na kila kitu isipokuwa sahihi.

"Kalamu yangu," alisema Lihumbo, "haiandiki vizuri nikiwa na huzuni."

Akaichukua kalamu hiyo, akaiweka juu ya Fomu Namba Tisa.

"Huyo mama ana ng'ombe?"

"Watatu, Mkuu."

"Ng'ombe wanatoa nini?"

"Maziwa, Mkuu."

"Na maziwa, katika nchi ya kisasa, hukaa wapi?"

Sudi alijua jibu. Muda wa kusimama, kufungua mlango na kuondoka alikuwa nao. Hakusimama. Akachukua rula, maana alikuwa mtu nadhifu, akapiga mstari chini ya redio, na kwa mwandiko mzuri akaandika: Tangi la kupozea maziwa, lita mia tano, moja. Wati elfu tatu. Saa nane. Uniti ishirini na nne kwa siku, mia saba na ishirini kwa mwezi. Jumla mpya, mia nane sitini na nne.

Hakuna aliyemshika mkono. Hilo ndilo lililomtesa baadaye. Katika mateso yake yote hakuweza hata mara moja kumweka mtu mwingine nyuma ya kalamu ile.

"Zimezidi nne," alisema Lihumbo akitabasamu, akitia sahihi kwenye barua. "Wewe ni mzalendo."

*

Bili ilimfikia Bi Sikudhani baada ya wiki mbili, Sudi akiwa bado anakabidhi ofisi. Mama huyo alifika asubuhi, bili ikiwa imekunjwa ndani ya pindo la kanga. Alipanga foleni kwenye dirisha lililoandikwa MALALAMIKO NA PONGEZI. Karani wa dirisha hilo alikuwa amezoea zaidi pongezi.

"Mwanangu, nimeletewa bili ya mtu mwingine," alisema Bi Sikudhani. "Nuru laki moja na sabini na mbili elfu na mia nane. Wanasema nina tangi la maziwa. Mimi sina tangi. Ndoo ninazo mbili."

Karani alifungua kitabu cha kanuni. "Mama, anayepinga kifaa kilichokadiriwa anatakiwa akilete kifaa chenyewe hapa ofisini, kikaguliwe, ili tujiridhishe kwamba hakipo."

"Nilete kisichokuwepo?"

"Kikiwa kimefungwa vizuri, mama. Mwezi jana mtu alituletea kikiwa kinavuja."

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipomwona Sudi kwenye meza ya nyuma, na uso wake ukachangamka.

"Ah! Afadhali, yule pale! Baba, njoo uwaambie. Wewe si ulifika? Si uliona kwa macho yako?"

Ofisi nzima iligeuka. Bwana Lihumbo alitokea mlangoni kwake, kikombe cha chai mkononi, akasimama hapo akimtazama Sudi kwa upendo mkubwa. Mfukoni mwa shati Sudi alikuwa na tikiti ya basi la kesho yake.

"Utaratibu ndivyo ulivyo, mama," alisema Sudi.

Kisha akafungua droo ya chini, akainama, akajifanya anatafuta faili. Alitafuta mpaka aliposikia kandambili za Bi Sikudhani zikitoka mlangoni. Droo ilikuwa tupu.

*

Katika Jamhuri ya Mwangaza wa Kudumu namba haikuwa na tabia ya kukaa mahali pamoja. Uniti mia nane sitini na nne zilipanda mkoani, zikapongezwa. Zilipofika Makaoni, afisa mmoja wa Wizara ya Maziwa alizisoma akaruka kitini. Tangi la lita mia tano! Mwenye tangi la lita mia tano ana lita mia tano; ni nani atakayepoza hewa? Hesabu ikafanywa. Ng'ombe watatu, lita mia tano kwa siku, sawa na lita mia moja sitini na sita na kitu kwa kila ng'ombe. Ilikuwa rekodi ya dunia. Wataalamu wawili walitumwa nje ya nchi kwenda kutoa mada.

Bi Sikudhani akatunukiwa cheo cha Mama wa Taifa wa Maziwa, pamoja na amri ya kupeleka lita mia tano kila siku kwa ajili ya wageni wa Wiki ya Mwangaza. Siku ya kwanza alipeleka lita ishirini na mbili, kwa kichwa, safari mbili. Mpokeaji alipima, akaandika: pungufu, lita mia nne sabini na nane. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Kamati ya Maziwa ilikaa, ikaafiki kwamba mama huyo anaficha maziwa, na kwa kuwa maziwa yamo tangini, anaficha tangi.

Walipekua shamba lake. Walichimba kabichi zote. Hawakuona tangi, jambo lililothibitisha kwamba limefichwa kwa ustadi mkubwa. Wakamfungulia mashtaka ya kuficha mali yenye manufaa kwa taifa, na ng'ombe wakachukuliwa kama vielelezo, wakafungwa kwenye ua wa wilaya.

Na hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho msimulizi angependa kukiruka. Kielelezo hakiruhusiwi kuguswa kabla ya kesi. Kwa hiyo hakuna aliyewakamua. Bi Sikudhani alikuja asubuhi na jioni, akasimama nje ya ua, akiomba aingizwe hata kwa dakika kumi, na askari, ambaye naye hakuwa mtu mbaya, alimwonyesha karatasi. Siku ya nne kiwele cha Kashata kilivimba kikawa kigumu kama jiwe. Siku ya saba akalala chini hakuinuka. Katika daftari la vielelezo likaandikwa: Kielelezo Namba Moja kimejiondoa.

*

Mwantumu ndiye aliyemsomea Sudi habari hiyo gazetini, wakiwa mezani Makaoni, Jumapili, chai ya saa nne. Sudi alikuwa na wiki ya tano mjini. Alikuwa amepaka rangi jikoni, ametengeneza kitasa cha mlango, amekuwa mume mwema kupita kiasi, kama mtu aliyeajiriwa.

"'Mama wa Taifa wa Maziwa afikishwa mahakamani,'" alisoma Mwantumu. "Chekeni. Si kwako kule? Masikini, bibi wa watu. 'Ng'ombe mmoja afa akiwa chini ya ulinzi.' Baba Zuhura, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Hujagusa kitu."

Sudi aliitazama picha. Bi Sikudhani alikuwa amepigwa picha akiwa anatazama pembeni, kanga imemteleza kichwani.

"Hana tangi," alisema.

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeliandika."

Akamsimulia yote, kuanzia kilima mpaka droo. Alisimulia haraka bila kumtazama, akidhani kwamba akimaliza atajisikia mwepesi kidogo. Mwantumu alikunja gazeti taratibu, akaliweka chini ya sahani.

"Miaka mitano nimekungoja," alisema mwishowe. "Siku uliyoshuka pale stendi na masanduku yako nilimshukuru Mungu mpaka nikalia. Kumbe aliyekulipia nauli ni yule bibi."

Aliondoa vyombo, na Sudi akabaki na meza tupu mbele yake. Kesho yake asubuhi akapanda basi la kurudi Chekeni.

*

"Makadirio yangu yana kosa, Mkuu," alimwambia Lihumbo, akiwa amesimama. "Nimekuja kukiri."

Lihumbo alishtuka kweli. Akainuka, akafunga dirisha.

"Kigwe, kaa. Umechoka na safari. Makadirio hayakosei. Kitu ndicho kinachoweza kukosea makadirio."

"Hapakuwa na tangi. Mimi na wewe tunajua."

"Mimi najua kilichoandikwa." Alivuta Fomu Namba Tisa mpya kutoka kwenye rundo. "Haya, tufuate sheria. Unataka kukiri. Nionyeshe safu ya kukiri."

Sudi aliitazama fomu. Zamani palikuwa na safu ndogo chini kabisa, KOSA LA MKADIRIAJI. Haikuwepo.

"Iliondolewa," alisema Lihumbo kwa huruma. "Miaka saba hakuna aliyeijaza. Tukaona inapoteza karatasi." Kisha akamshika bega. "Isitoshe, wewe huwezi kukiri, maana umeshateuliwa shahidi. Kesi ni Alhamisi. Bila wewe serikali haina kesi. Fikiria, Kigwe! Katika dunia hii yote yenye mabilioni ya watu, wewe peke yako ndiye uliyeliona lile tangi."

Siku tatu zilizobaki Sudi alikaa katika nyumba ya wageni mkabala na ua wa wilaya. Dirishani aliwaona Tui na Mama Mkwe, mbavu zimetoka. Baada ya kifo cha Kashata ilikuwa imetoka ruhusa maalumu ya kuwakamua, na kila jioni Bi Sikudhani aliingia na ndoo, akawakamua, na askari akayamwaga maziwa chini mbele yake, kwa sababu yalikuwa ushahidi. Sudi alitaka kushuka. Kila jioni alivaa viatu. Kila jioni alifika mpaka kwenye ngazi, akakaa hapo na viatu vyake.

Alikuwa amepiga hesabu pia. Hakujua namna nyingine ya kuogopa. Akisema kweli atapoteza kazi, na pensheni iliyobakiza miaka mitatu. Nyumba ya Makaoni ilikuwa ya serikali. Hesabu ilitoka vibaya kila alipoirudia, na aliirudia mara nyingi akitafuta mahali alipokosea.

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka, kijana aliyevaa koti zito kwenye joto, alianza kwa kuishukuru serikali, kisha akamshukuru hakimu kwa niaba ya serikali.

"Mheshimiwa Hakimu! Taifa linapiga hatua, na kila taifa linapopiga hatua hapakosekani mtu wa kuficha kiatu! Mshtakiwa huyu unayemwona, mwenye sura ya upole, kwa makusudi na bila haya, amelinyima taifa lita mia nne sabini na nane kwa siku! Watoto wangekunywa, mheshimiwa! Mabalozi wangekunywa!"

Bi Sikudhani alisimama kizimbani akiwa ameshika ubao kwa mikono miwili. Alipoulizwa alisema jambo lilelile alilokwisha kulisema dirishani, kwamba hana tangi, ndoo anazo mbili. Watu wengine walicheka.

"Aitwe shahidi."

Sudi alipanda. Hakumtazama mama. Aliitazama fomu yake, ikiwa imetiwa muhuri na kubandikwa kwenye ubao mweupe, mwandiko ukiwa safi kabisa, mstari umenyooka.

"Huu ni mwandiko wako?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Ni wangu."

"Siku ya tarehe sita ulifika shambani kwa mshtakiwa?"

"Nilifika."

"Ieleze mahakama kuhusu tangi uliloliona."

Feni ya mahakama ilikuwa imesimama kwa sababu za kiufundi. Mbele, Bwana Lihumbo alimwitikia kwa kichwa, kumpa moyo.

"Sikuliona," alisema Sudi. "Halikuwepo. Niliandika kitu ambacho hakikuwepo ili nipate uhamisho. Kila kitu anachosema huyu mama ni kweli. Alinikaribisha kwake, akanionyesha kila alicho nacho, na mimi nikaenda ofisini nikamwandikia uongo. Yule ng'ombe nimemuua mimi."

Watu wakaanza kunong'ona, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwanamume huyo!" Sudi alilisikia, na kwa nukta moja kifua kikamjaa kitu kinachofanana na fahari. Palepale akaona aibu kubwa kuliko zote. Hata hapa, alifikiri, hata kwenye hili najitafutia pongezi.

Hakimu alivua miwani. Alikuwa mzee mwangalifu, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kuandika hukumu iliyomshangaza mtu wa juu yake.

"Mwendesha mashtaka, una la kusema?"

Kijana alijipangusa jasho, akafikiri, na ghafla uso wake ukang'aa.

"Mheshimiwa, jambo liko wazi kuliko nilivyodhani. Serikali haiwezi kuandika kisichokuwepo. Fomu ina muhuri, na muhuri haujapingwa. Kwa hiyo tarehe sita tangi lilikuwepo. Leo halipo, tumechimba. Shahidi mwenyewe anakiri chini ya kiapo kwamba mshtakiwa hahusiki, na kwamba mtu pekee aliyekuwa na tangi hilo mikononi mwake, wakati wowote, ni yeye shahidi."

"Kwa kalamu," alisema Sudi.

"Njia aliyoitumia si hoja, mheshimiwa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Bi Sikudhani Mpakani aliachiwa huru, arudishiwe vielelezo vilivyo hai. Sudi Kigwe alitiwa hatiani kwa wizi wa tangi moja la kupozea maziwa, lita mia tano, mali ya maendeleo ya taifa: kifungo miezi minane na kufukuzwa kazi. Aidha, kwa kuwa shamba la mama huyo sasa halina tangi, na hivyo limeporomoka chini ya kiwango cha Mkulima wa Kisasa, mahakama iliagiza likatiwe umeme, ili lisiharibu wastani.

"Mshtakiwa mpya una la kujitetea?"

Sudi alisema hana. Kwamba hakuiba tangi alijua. Lakini alijua pia kwamba alikuwa ameiba, na kama mahakama ilikosea jina la kitu, yeye hakuwa mtu wa kuwasahihisha wengine majina ya vitu. Walipompitisha mlangoni alimtafuta Bi Sikudhani. Alikwisha kuondoka kuwahi kukamua.

*

Alitoka baada ya miezi sita na nusu, kwa msamaha wa Rais. Mwantumu alimpokea mlangoni mwa gereza na nguo safi kwenye mfuko. Alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na shule. Walipofika stendi Sudi alimwomba nauli ya kwenda Chekeni, na Mwantumu akahesabu bila kuuliza.

Akapanda kilima. Waya ulikuwa umekatwa pale kwenye nguzo ya mwisho, ukining'inia. Kabichi zilikuwa zimepandwa upya, mistari michache tu, ile ambayo mtu anaweza kuimwagilia kwa ndoo. Bi Sikudhani alikuwa ameketi chini akikata majani kwa panga juu ya gogo, fungu dogo baada ya fungu dogo. Mashine ya kukatia majani ilikuwa pembeni, imefunikwa gunia. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

Mama aliinua uso, akamtambua, akarudi kwenye panga lake.

"Marahaba."

Sudi alibaki amesimama. Gerezani alikuwa ameandaa maneno mengi, na baadhi yake yalikuwa mazuri sana. Hapa yote yaliona haya.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

Panga liliendelea. Ng'ombe wawili walikuwa wamepanga vichwa kwenye uzio, wakitazama majani. Baada ya muda Bi Sikudhani alisimamisha mkono.

"Nina swali moja nimekaa nalo. Pale ulipokuwa unaandika ule mstari. Mimi uliniwaza, au hukuniwaza?"

Sudi angeweza kusema hakumwaza; kwamba ilikuwa haraka, kwamba ilikuwa namba tu.

"Nilikuwaza, mama," alisema. "Nilikuona vizuri kabisa."

Bi Sikudhani alitikisa kichwa polepole, mara mbili tatu, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Ningependa ungesema hukuniwaza," alisema. "Ningelala."

Akainua fungu jingine. Sudi hakujua kama anatakiwa aondoke, na miguu haikuondoka. Akavua shati alilopigiwa pasi na Mwantumu, akalitundika kwenye uzio, akachuchumaa upande wa pili wa gogo, akaanza kukusanya majani yaliyokatwa na kuyatia kwenye karai. Mama hakumkaribisha wala hakumfukuza. Walifanya hivyo mpaka karai likajaa. Sudi akalibeba, akawapelekea ng'ombe. Mmoja alinusa, akageuza uso kwa dharau. Mwingine akala.

Aliporudi, Bi Sikudhani alikuwa amesimama, anajipangusa mikono kwenye kanga.

"Kesho usije," alisema. "Kesho ni siku ya mnada, sitakuwepo."

Sudi akaitikia, akanyoosha mkono kuchukua shati lake.

"Keshokutwa, kabla jua halijawa kali," alisema mama huyo, akiwa ameshampa mgongo. "Na uje na panga lako. Hili ni langu."